Kisigino cha Elisifa

Nilimgombeza bibi wa miaka sitini na nane mbele ya mwanawe, na aliyekosea ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu mimi si mwepesi wa kukiri. Kwenye karakana yetu ya vifaa vya miguu mjini Moshi, wenzangu huniita Eliaichi Sijakosea.

Bibi huyo ni Elisifa wa Mwika. Polio ilimwachia mguu wa kulia usio na nguvu gotini, hivyo tangu utotoni alitembea mkono ukikandamiza paja, goti lisije likakunjika akaanguka. Nilimbunia kifaa cha plastiki cha kuvaa ndani ya kiatu, kinachopanda hadi chini ya goti. Alikijaribu kwenye sakafu yetu ya sementi, akatembea mikono ikining'inia. Nilijisifu wiki nzima.

Baada ya mwezi akarudi na mwanawe Ebenezeri. Elisifa alikuwa amechimba kisigino cha kiatu na kukijaza tabaka za majani makavu ya mgomba.

"Bibi, umekiharibu," nikasema. "Hiki si kitu cha kuchezea."

"Nikishuka kinanisukuma, mwanangu."

"Hakiwezi kukusukuma. Hujakizoea tu."

Ebenezeri akasema basi, yatosha, Jumamosi atamhamishia Chekereni, kwake kwenye tambarare, kama alivyokwisha kumhamisha ng'ombe wake, ambaye mama hakuweza kumbebea majani. Elisifa akatazama mikono yake. "Baba yako amelala kihambani," alisema, yaani kaburini, kwenye shamba la ukoo. "Atabaki na nani?"

Waliniachia kifaa na kiatu. Nilikuwa bado na hasira nilipobonyeza kile kisigino kwa kidole gumba. Kilibonyea polepole, kisha kikarudi, na mwili ukanisisimka. Kifundo cha mguu kikiwa hakikunjiki, kama ndani ya kifaa changu, kisigino kigumu kikikanyaga mteremko hulisukuma goti mbele. Kisigino laini humeza ule msukumo. Mimi hilo nilifundishwa chuoni kwa vitabu na hesabu. Elisifa aliligundua peke yake, kwa kisu cha jikoni na majani ya mgomba. Nami mtoto wa Machame, niliyejifunza kutembea kwenye mteremko, nilikuwa nimempima mtu wa mlimani kwenye sakafu bapa. Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu nilistaajabu.

Nikatengeneza kingine, safari hii chenye bawaba kifundoni: unyayo unaweza kushuka, lakini mguu hauwezi kulala mbele. Jumamosi asubuhi nikapanda Mwika nikiwa na kifaa hicho na tawi la isale. Kwetu ukimkosea mtu humwendei mikono mitupu, na anayeletewa isale hakatai kusamehe.

Ebenezeri alikuwa ameshafunga mizigo ya mama yake.

"Shikamoo, bibi. Nilikosea."

"Marahaba." Alipokea isale kwa mikono miwili. "Lete hicho kitu."

Akakivaa, akashika njia ya kuteremka kihambani, isale mkononi. Njia ile ningeiogopa hata mimi mwenye miguu mizima. Hatua ya kwanza, mkono wake wa kulia ulishuka pajani, kama ulivyoshuka kwa zaidi ya miaka sitini. Ukakaa kidogo, kisha ukainuka. Akaendelea kushuka, taratibu, goti limetulia. Miaka yote ile mkono mmoja ulikuwa umembeba mtu mzima mlimani, nami nilidhani ninajua kitu kuhusu magoti.

Chini, penye kaburi la mumewe, aliinama, akachimba kwa kijiti na kuipanda isale. Kisha akapotea kati ya migomba.

Aliporudi juu alikuwa amekumbatia mzigo wa majani kwa mikono yote miwili. Alitupita, akaingia zizini, akayamwaga kwenye hori tupu. Halafu akamtazama mwanawe.

Ebenezeri alianza kufungua mizigo.

"Ng'ombe nitamrudisha kesho, mama," alisema.