Daraja Lililoachwa Wazi

Siku ya mia mbili na kumi na tatu ya vita, mtunza stoo aligundua kwamba batalioni yake ya pili haina viatu. Viatu vilikuwepo, jozi mia sita na arobaini, ila vilikwama kwenye stesheni ya nyuma kwa sababu zamu tatu zilizopita aliamuru behewa lile libebe makaa ya mawe kwanza. Ilimchukua saa nzima kulijua hilo, akifungua orodha moja baada ya nyingine kwenye skrini, na chai aliyoletewa ikapoa hadi ikafanya utando. Mtu mwenye akili timamu angeizima kompyuta akaenda zake kuota jua. Yeye alikuwa anatabasamu peke yake.

Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo. Kila lori lina tanki lake, kila tanki lina lita zake, na mvua ikinyesha barabara inageuka tope na malori yanalala njiani. Zamu moja ni siku moja ya vita, na kuicheza kwa haki huchukua saa tatu, au nne ukiwa makini, na yeye alikuwa makini kupita kiasi. Kwenye stoo ya hospitali alikofanya kazi, katoni za glavu zilipotea na hakuna aliyejua zilikokwenda. Ukiuliza, unaambiwa rudi kesho. Humu ndani kilichopotea kilipatikana, mradi ukitafute. Utamu ulikuwa hapo, na anayedhani ni mabomu hajawahi kuucheza.

Mkewe, fundi cherehani mwenye mimba ya miezi sita, aliingia na futi yake imening'inia shingoni.

"Sogea, Jenerali. Napima pa kuweka kitanda cha mtoto."

Akasogeza kiti bila kutoa macho kwenye skrini. Mke akapima ukuta, akapima dirisha, akauliza kana kwamba anauliza bei ya vifungo:

"Vita vinaisha lini?"

Swali hilo alikuwa amejiandaa nalo, masikini. Akatoa karatasi. Zimebaki zamu themanini na saba, akaeleza, na kujifungua ni wiki kumi na mbili. Sasa hivi yeye na mpinzani wake wanacheza zamu mbili kwa wiki, lakini wakipanda hadi nane, ya mwisho itaangukia siku chache kabla ya mtoto. Aliisoma karatasi ile kwa fahari kabisa.

Mke alicheka hadi akashika tumbo. Kisha akaacha kucheka.

"Yaani umeiweka mimba yangu kwenye ratiba ya vita?"

"Si hivyo, mke wangu..."

"Zamu nane, saa nne nne. Hiyo ni ajira nyingine, baba kijacho. Na chumba si shida yangu, kitanda kitakaa popote. Shida yangu ni wewe. Sitaki kulea mtoto na mgongo wako."

Maneno hayo yalimwingia. Akageuza kiti, akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza akasema lililokuwa moyoni.

"Nikiacha, nampoteza kaka."

Aliyekuwa upande wa pili wa vita ni kaka yake wa tumbo moja, aliyeishi mji mwingine katika nyumba waliyozaliwa. Kaka ndiye aliyemuuguza mama yao miaka mitatu, peke yake. Mtunza stoo kila mara alisema anakuja mwezi ujao, kisha mwezi ujao tena, hadi akafika siku ya mazishi na begi lake mkononi. Kaka alimpokea mlangoni mbele ya watu wote. "Umechelewa miaka mitatu," akamwambia, na hakusema naye tena. Miezi mitatu baadaye likaja faili kwenye barua pepe, bila salamu, na chini yake maneno mawili: Zamu yako. Walipokuwa wadogo walipigana vita hivyo hivyo sakafuni kwa vizibo vya soda. Mtunza stoo alilifungua faili, na tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, hakukosa zamu hata moja.

"Na mnaandikiana nini?" mke aliuliza.

Akamwonyesha. Zamu yako. Imepokelewa. Zamu yako. Mke alishuka na orodha ile mpaka chini, akapandisha tena.

"Haya ndiyo mazungumzo?"

"Ndiyo tuliyonayo."

Mke alimshika bega, akatoka kwenda kwenye cherehani yake.

Basi mtunza stoo akaamua kushindwa. Kujisalimisha asingeweza, kaka angesema amekimbia tena, na safari hii angekuwa na haki. Ilibidi ashindwe kiungwana, kwa kosa ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Kati ya jeshi la kaka na mji mkuu wa mtunza stoo palikuwa na daraja moja tu. Akaondoa walinzi wa daraja akawapeleka kupumzika, kama aliyesahau. Mji ukitekwa, mchezo umekwisha. Akatuma faili, na usiombe uzito wa kile kidole kilipobonyeza.

Jibu likaja baada ya siku mbili. Jeshi la kaka halikuvuka. Lilikuwa limetumia siku nzima kutengeneza reli.

Labda hakuona. Zamu iliyofuata, mtunza stoo akaondoa mizinga yote ya ukingoni. Jeshi la kaka likafua nguo na kufanya gwaride. Zamu ya tatu akalivuta jeshi zima nyuma, mji ukabaki na askari wa bendi tu. Kaka akahamisha hospitali ya farasi kutoka kijiji kimoja hadi kingine, akarudisha faili: Zamu yako.

Pengine hana mafuta. Mtunza stoo akasoma taarifa za wapelelezi wake, mstari kwa mstari, na hapo akasimama. Matangi ya kaka yalijaa. Mkate wa siku kumi na mbili. Risasi za kumwaga. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa imemfundisha kuhusu stoo iliyojaa ambayo haitoi kitu: mwenye funguo hataki kitoke. Ilikuwa Jumamosi mchana, mke anashona katika chumba cha pili, na yeye akachukua simu akapiga namba ambayo hakuipiga tangu mazishi.

"Faili limeharibika?" kaka aliuliza, bila hata haloo.

"Hapana. Daraja liko wazi, kaka."

"Nimeliona."

"Zamu tatu!"

"Na miezi minne iliyopita uliacha bonde lote la mashariki bila mtu. Hilo nalo nililiona."

Bonde lile hakuliacha kwa makusudi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Sasa kwa nini hukuingia?"

Kaka akazima redio iliyokuwa ikisikika nyuma yake.

"Nikiingia, inaisha," alisema. "Wewe hujui ilivyokuwa hapa. Asubuhi namwosha mama, namlisha, namgeuza, nafua, namgeuza tena. Siku haikuwa na nafasi ya kukaa. Alipokwenda, zile saa zikabaki, mdogo wangu. Zote. Nikatafuta kitu cha kuzila, nikakukumbuka wewe."

Mtunza stoo alikaa sakafuni na simu kwenye spika. Kumbe alikuwa akihesabu saa ambazo mchezo unamnyang'anya, na mwenzake alikuwa akizihesabu kwa namna nyingine kabisa.

"Nilichelewa, kaka. Niliogopa kumwona vile, ndiyo maana sikuja. Nisamehe."

"Mh," kaka alisema. Kisha: "Na mbona ghafla una haraka ya kushindwa?"

"Shemeji yako ni mjamzito. Miezi sita."

"Miezi sita! Na zamu zote hizo unanitumia faili, huniambii?"

"Na wewe hukuuliza."

"Sikuuliza," kaka alikubali. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Atakuwa na nani akijifungua? Mama mkwe wako yupo?"

"Alishafariki. Tutakuwa wawili tu."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mke alisimama mlangoni, kitambaa mkononi, anasikiliza bila kujificha. Upande wa pili wa simu kaka alivuta pumzi, akazungumza polepole, kama mtu anayeomba kazi na hana uhakika kama wataichukua barua yake.

"Kumwosha mtu asiyejiweza nakujua. Kumlisha, kumbeba, kumlaza bila kumuumiza, najua vyote. Nije?"

Mtunza stoo aligeuka akamtazama mkewe mlangoni. Mkewe akamchukulia simu mkononi.

"Njoo, shemeji," alisema. "Njoo hata kesho."