Punje Nyeupe za Bi Mwaisha

Mradi ulipompa Mikaeli mbegu ya mahindi ya njano yenye vitamini A, ulimpa na kijitabu. Kijitabu kilisema shamba hilo likae mita mia tatu kutoka mahindi mengine. Ni agizo zuri. Huku Mgeta, ukitembea mita mia tatu umeshakanyaga mashamba ya watu kumi na wawili.

Jirani yake wa bondeni, Bi Mwaisha, alipanda mahindi meupe aliyoachiwa na mama yake. Mbegu ile haipo dukani, ikipotea imepotea. Wakati wa kuvuna akamenya hindi la kwanza, akakuta punje za njano katikati ya nyeupe, kama meno ya mvuta tumbaku. La pili vivyo hivyo.

Mtaalamu wa mradi, Bwana Fidelis, alipanda mlima kutoka Morogoro mjini, akamwamkia, kisha akampongeza. Upepo umeleta chavua ya Mikaeli, alieleza, kwa hiyo na yeye sasa ni mnufaika. Akamwandika. Bi Mwaisha alisema hakuomba kunufaika, anataka mbegu yake. Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo.

"Haiwezekani, mama," alisema Fidelis. "Jeni ya njano ina nguvu. Ikiingia kwenye punje, lazima rangi ionekane."

"Lazima?"

"Lazima. Ndiyo sayansi."

"Basi iliyobaki nyeupe haijaingiwa."

Fidelis alifungua kompyuta yake, akaitazama, akaifunga. Alikuwa amesomea jeni miaka mitano. Si jambo la kuharakisha.

"Kinadharia," alisema.

Bi Mwaisha alikaa mkekani siku tatu akipukuchua na kuchambua punje moja moja. Zenye shaka hata kidogo zilikwenda kwenye makande. Wajukuu walisema ni matamu kuliko ya siku zote, naye hakuwabishia. Nyeupe kabisa zilijaza vibaba viwili.

Fidelis alirudi kuomba kibaba kimoja, maabara ithibitishe kama kweli ni nyeupe.

"Shika, mwanangu," alisema Bi Mwaisha, akamwekea punje moja kiganjani. "Usiipoteze njiani."

Msimu uliofuata alipanda wiki tatu kabla ya Mikaeli, ili maua ya mashamba hayo mawili yasifunguke pamoja. Alivuna magunia mawili, na hakuona punje ya njano hata moja.

Majibu ya maabara bado yanasubiriwa.