Mkono Uliozoea Kusubiri

Mdogo wangu Ernest, kipa, alipogongana na mshambuliaji na kuumia kwenye uwanja wa Chamwino, kila mwenye bando la simu Dodoma akawa mwamuzi. Shabiki mmoja alirekodi tukio kwa simu, likasambaa, na watu ambao hawajawahi hata kuokota mpira uliotoka nje wakawa wanalirudisha polepole na kutoa hukumu. Kipa katoka vibaya. Kipa kajitakia. Mmoja aliandika kwamba alitoka kama kuku aliyemwagiwa maji, wenzake wakacheka. Ningemjua huyo, ningemfuata kwake.

Ernest mwenyewe hakuwa ameiona video. Alilala chali wodini, shingo imefungwa, miguu haihisi hata daktari akiichoma sindano. Jirani aliniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwuliza ni nani aliyeyamwaga. Na swali la Ernest, asubuhi na jioni, lilikuwa hilo hilo: "Dada Anyesi, nilitoka vibaya?" Mimi ni fundi cherehani wa Nkuhungu, mpira naujua wa kupita njia. Nilimwambia hakukosea, naye akawa anageuza macho ukutani, maana alijua nasema kwa kumpenda. Alidhani amejivunja mwenyewe kwa ujinga, na wazo hilo lilimla kuliko maumivu.

Jumamosi, saa ya kutazama wagonjwa, akaja Khairat. Nilimtambua kwa ile video hata kabla hajasema jina: ndiye aliyeshika kibendera upande wetu siku ile. Alibeba chupa ya uji.

"Shikamoo, dada."

Sikuitikia. Mama alitulea kwamba shikamoo haikataliwi, lakini siku hiyo niliikataa. Ernest ndiye aliyemkaribisha, nami nikamsogezea stuli huku nimenuna.

Hakuzunguka. "Kaka Ernest, yule mshambuliaji alikuwa ameotea. Nilimwona tangu pasi inapigwa."

"Ulimwona?" Nilipaza sauti mpaka muuguzi akachungulia. "Mbona kibendera kilikuwa chini?"

Akaeleza, macho kwenye sakafu. Mwezi uliotangulia alikuwa kwenye mafunzo ya VAR, ile mitambo ya video inayomsaidia mwamuzi kutazama marudio. Walichaguliwa wachache, na yeye alikuwa na ndoto ya kuchezesha ligi kuu. Huko walifundishwa kwamba mchezaji akionekana ameotea kidogo na goli linanukia, usinyooshe kibendera upesi. Ukikosea na filimbi ikalia, goli halali limeshakufa, na mashine haiwezi kulifufua. Acha shambulizi lifike mwisho ndipo unyooshe. Walio chumba cha video watachora mistari yao na kumwambia mwamuzi sikioni.

"Tulirudia kila siku mpaka mkono ukawa unasubiri wenyewe," alisema. "Chamwino hakuna mashine, dada. Hakuna hata kamera moja. Na hakuwa ameotea kidogo, alikuwa amewaacha mabeki wote. Kwa yule, hata VAR ikiwepo, unanyoosha hapo hapo. Niliona, nikangoja. Akagongana na kaka. Nikanyoosha baadaye."

"Baadaye ulikuwa unamnyooshea nani?"

Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Viongozi wa ligi wameandika kwamba ilikuwa ajali," alisema, "na kwamba uamuzi wangu wa kuotea ulikuwa sahihi. Wamenipongeza."

Nilitamani kummwagia ule uji wake. Ernest akaniwahi.

"Ungenyoosha mapema, filimbi ingelia?"

"Ingelia."

"Nami ningebaki langoni."

"Ungebaki, kaka. Ulitoka kwa sababu hukusikia filimbi. Kipa yeyote angetoka."

Akafumba macho. Nilidhani atamtukana, na Mungu anisamehe, nilikuwa nasubiri amtukane. Badala yake akasema, "Dada, nionyeshe ile video."

Siku zote nilikuwa nimemkatalia. Sasa nilitoa simu, nikaishika juu ya uso wake, maana shingo haikuweza kugeuka. Vumbi la Chamwino, makelele, mpira unatoka katikati ya uwanja. Mshambuliaji yuko peke yake mbele. Ernest amesimama kwenye mstari wa goli, ameinama kidogo, mikono kwenye magoti.

"Acha hapo hapo."

Nikagusa kioo, picha ikaganda. Alijitazama muda mrefu, machozi yakimchuruzika pembeni na kumwingia masikioni. Nilimfuta kwa kanga. Kisha akamwita Khairat kwa upole ulioniuma kuliko tusi.

"Sasa nyoosha."

Khairat akainuka kwenye stuli. Akanyoosha mkono wake mtupu juu, mbele ya wagonjwa na ndugu zao waliokuwa wanakula, na hakuushusha. Mimi nilikuwa nimeikamata simu kwa mikono miwili, nikiogopa kidole kisije kikagusa kioo picha ikaendelea.