Golikipa wa Nne

Chuo chenyewe kilikuwa na wanafunzi mia na ishirini, kiwanja cha changarawe na makipa watatu. Nilijionea kwa macho yangu, mwaka 1982, waliponialika Nizwa, huku Oman, nikawatazame kabla sijatia saini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nadaka kwa timu ya mtaa wetu wa Ibra, na nilikuwa najiona. Klabu moja ya Sur ilikwisha kuniahidi lango lao na kazi forodhani, wakanipa mpaka Jumamosi niwajibu. Hiki chuo cha ufundi nilikwenda kwa adabu tu.

Kocha Hilali alinipokea kama bwana harusi. Akanitembeza bwenini, jikoni, na kwenye kabati la kioo lenye kombe moja la bati. Nikamuuliza swali langu pekee.

"Mwalimu, nikija nitacheza?"

"Inshallah," akasema.

Inshallah ya namna hiyo naijua. Ndiyo anayonipa baba nikimwomba ufunguo wa gari.

Kipa wao wa tatu alikuwa kijana wa Bahla, Azzan. Watu wake walirudi kutoka Tabora, kwa hiyo tuliweza kusemezana Kiswahili bila wengine kuelewa. Hata hivyo alinipeleka bombani na kulifungulia maji yapige kelele.

"Nina miaka miwili hapa," akasema. "Nimecheza dakika ishirini. Kipa wa kwanza ni mpwa wa mkuu wa chuo. Hatoki yule, labda afe."

"Sasa mimi wananitakia nini?"

"Mwaka jana si ulizidaka penalti zetu mbili? Kocha hataki ukae kwenye lango la mtu mwingine, basi. Na ukishatia saini ni miaka mitatu. Huchezi kwingine hata wakikuweka benchi mpaka uote ukungu. Ndugu yangu, usije."

Jioni ile nilimwambia baba, "Mie sendi. Kule sitocheza."

"Basi usende," akasema, akaendelea na chakula chake. Nikadhani yamekwisha.

Alkhamisi, baada ya sala ya alasiri, Kocha Hilali akabisha hodi kwetu, na pamoja naye jirani yetu Hamed na wazee wawili wa Ibra. Baba alikaribia kuruka kwa furaha. Tulikuwa na miaka kumi na moja tangu tuje kutoka Unguja, na wazee wa mji walioingia barazani kwetu ungeweza kuwataja kwa majina. Kwao sisi tulikuwa Wazanzibari, watu wa chai na nazi. Baba akatoa halwa aliyoiweka kwa ajili ya Idi. Mimi nikashika mdila wa kahawa nikaanza kumimina.

Nilimpa kocha finjani. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mkekani, hakuigusa tena.

Nikaacha kumimina. Kila mtoto wa Ibra anajua maana yake: mgeni ana haja, na kahawa haitamshuka mpaka mwenye nyumba aikubali haja yake. Mwenye nyumba mjanja huuliza kwanza, haja gani? Akisema "kunywa" tu, amekwisha kutoa. Mimi nilijifunza hayo nyumbani kwa rafiki yangu Hamdun. Baba alikulia mtaa wa Malindi, Unguja, ambako mtu akiweka finjani chini, basi kahawa ni ya moto tu.

Nikakohoa. Baba akanitazama kwa jicho baya.

"Kahawa haikukupendeza, sheikh?" akamuuliza kocha, kwa kile Kiarabu chake kinachopanda na kushuka mahali sipo.

"Nina haja kwako," kocha akasema.

"Baba, hebu muulize kwanza..."

"Nadhir! Watu wazima wanazungumza." Akamgeukia mgeni, uso wote meno. "Haja yako nimeshakupa, sheikh! Kunywa, kunywa kabla haijapoa!"

Kocha akanywa.

"Allah akulipe," akasema mzee mmoja. "Kijana sasa ni wa Nizwa." Hamed akamshika baba mkono na kumpongeza. Baba aliendelea kutabasamu, ila tabasamu lenyewe lilikuwa linamwishia kidogo kidogo, na macho yake yakanitafuta mimi.

Walipoondoka nilimpigia baba kelele, jambo ambalo sijapata kulifanya kabla wala baadaye. "Umenitoa! Umenitoa kama mbuzi!" Nikamweleza habari ya finjani, neno kwa neno, kwa ukatili. Akakaa palepale palipokuwa na viatu vya wageni.

"Mwanangu, sikujua," akasema. "Kesho nitakwenda Nizwa. Nitamwambia sikujua."

"Na hawa wazee wa hapa?"

"Watanicheka. Wanicheke."

Lakini wasingecheka tu. Wangesema Wazanzibari neno lao si neno, na hiyo ingemfuata sokoni na msikitini.

Ijumaa, baada ya sala, nilimsikia chumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, kilemba kichwani, anajifunza kusema kwa Kiarabu: "Samahani, sheikh. Mimi ni mgeni katika desturi zenu." Akakosea. Akaanza upya. Mara ya tatu alifika kwenye neno "mgeni" sauti ikamkatika. Huyu ndiye aliyetulea Unguja kwa kutuambia kila siku kwamba kwetu ni Oman.

Nikasukuma mlango.

"Baba, usende. Nimefikiri. Chuo kile kizuri."

"Si ulisema hutocheza?"

"Nilikuwa nadeka tu. Kocha ameniahidi lango."

Alinitazama usoni. Nilitamani asiniamini. Nilitamani sana.

Akavua kilemba, akakaa kitandani, mabega yakamshuka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi waandikie wale wa Sur, wasikungoje."

Nikaenda kutafuta kalamu.