Jiwe Laini kwa Sakafu Ngumu

Abdurahim alikuwa fundi wa sakafu, na hapo Pumwani hakuna aliyelijua hilo kumshinda Abdurahim mwenyewe. Alipopewa kazi ya kumwaga terazo, ile sakafu ya saruji na kokoto inayosagwa mpaka ing'ae, katika msikiti mdogo wa mtaa, alizidisha saruji kwa ukarimu, akamwaga, akajisifu. Kisha mashine ya kusagia ikachelewa mjini wiki tatu. Ilipofika Jumatatu, sakafu ilikuwa imekauka ikawa chuma.

Mashine ilikunywa petroli na kunguruma, na chini ya tumbo lake ilishika mawe matatu ya kusagia, kila moja kama kipande cha sabuni ya kufulia. Abdurahim alifunga mawe magumu kuliko yote aliyokuwa nayo. Si wamesema dawa ya moto ni moto? Asubuhi nzima mashine ilipiga mayowe, mawe yakawa butu na kung'aa, na vinundu vya kokoto vikabaki pale pale.

Mzee Idarusi, mkuu wa kamati ya msikiti, alikuja akavua viatu, akatembea hatua nne, akajikwaa. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma.

"Abdurahim mwanangu, Ijumaa watu watasujudu hapa. Alhamisi jioni ikiwa bado hivi, tutatandika mikeka juu, na kazi ya sakafu za yale madarasa mawili ya chuo cha Kurani nitampa fundi wa mjini."

Balaa ni kwamba Abdurahim alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kuwa madarasa ni yake. Akinyang'anywa, angepita wapi?

Mtu wa kumwokoa alikuwepo: Phares wa Makongeni, aliyesaga sakafu za steshini za reli. Lakini Phares huyo huyo, miaka minane nyuma, alikuwa kibarua wa kumbebea Abdurahim maji, na Abdurahim hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "Wewe, Ndoo." Leo aende kumpigia magoti? Afadhali ameze kokoto. Akamtuma mkewe, Fatu, aliyeuza mahamri karibu na Makongeni, aulize kana kwamba swali ni lake.

Fatu alirudi na jibu. "Phares anasema sakafu ikiwa ngumu hivyo, weka mawe laini."

"Laini? Laini si ya kumalizia?"

"Mimi nimeleta nilichopewa, Baba Lela."

Kwa Abdurahim, jiwe laini lilikuwa la aina moja tu: lile la punje ndogo, la kung'arishia mwisho. Akafunga matatu ya aina hiyo. Jumanne nzima alisukuma mashine, na Jumatano mpaka adhuhuri. Sakafu ikang'aa kweli, lakini vilima vilikuwa vile vile, sasa vimepambwa.

Jumatano alasiri Fatu hakutumwa na mtu. Alikwenda mwenyewe, akarudi na Phares katika ovaroli yake ya reli. Abdurahim alitamani ardhi ipasuke immeze, ila kwa terazo ile isingepasuka.

"Hujambo, fundi," alisema Phares, bila kejeli hata chembe.

Akachuchumaa, akakwaruza sakafu kwa msumari. Hakuna alama. Akachungulia chini ya mashine, akatabasamu.

"Haya ni laini kwa punje. Mimi nilisema laini kwa mwili."

Akamwaga mawe yote juu ya gunia, akayakwaruza moja moja kwa ule msumari, sikio karibu kama daktari. Akachagua matatu ya punje kubwa, yaliyotoa unga yakiguswa.

"Hayo mabovu," alisema Abdurahim. "Yanalika."

"Ndiyo ninayoyataka. Gumu linang'ang'ania meno yake hata yakiwa butu. Hili linaachia yaliyochoka, mapya yanatokeza. Sakafu ingekuwa laini, hapo ungeweka gumu."

Akayafunga yote matatu pamoja, maana ukibadilisha moja, mashine huchechemea. Alipoiwasha, mayowe yalikuwa yamekwisha. Ilitafuna. Tope jeupe likatiririka, na vinundu vikaenda nalo. Phares aliiongoza kwa kiuno, akisikiliza kwa nyayo, na Abdurahim, aliyezoea kujitazama yeye tu, alishindwa kuondoa macho. Alimpenda mtu yule kwa kazi ile. Sakafu ilipoanza kukauka, Phares alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Maji, fundi."

Abdurahim akaimwagia sakafu maji. Aliimwagia mpaka magharibi.

Alhamisi Phares alikuwa kazini reli. Abdurahim alimalizia peke yake kwa mawe ya punje ndogo, sasa zamu yake ikiwa imefika. Jioni Mzee Idarusi alitembea kutoka mlangoni hadi kibla, akainama, akaweka paji la uso sakafuni, akakaa hapo kitambo.

"Mashallah," alisema alipoinuka. "Madarasa ni yako, mwanangu. Mikono yako ibarikiwe."

Hakuwepo wa kumbishia. Fatu, mlangoni, alimtazama mumewe. Abdurahim akamgeukia mzee.

"Kasaga Phares wa Makongeni, mzee," alisema. "Mimi nilikuwa ndoo."