Kisirani wa Babu Gia

Tairi lilikuwa zima kabisa, lakini yule binti wa televisheni alitaka lifunguliwe. Alisema watazamaji wanapenda kumwona mwanamke akibadilisha tairi. Kisirani akamweleza kwamba tairi la lori halifunguliwi kwa kujifurahisha, kwamba yadi ina fundi wake wa matairi, na kwamba dereva mwenye akili, awe wa kike au wa kiume, humwachia fundi huyo kazi yake, yeye akakaa pembeni na kikombe cha chai. Binti akacheka, akasema ni dakika tano tu. Zikawa saa mbili. Kisirani akalifungua tairi zima, akalirudisha lilelile palepale, huku mpiga picha amelala kifudifudi chini ya bodi akimtafutia jasho.

Haya, ndivyo yanavyotengenezwa makala haya, na ukiona moja umeyaona yote. Kwanza mikono ya mwanamke kwenye usukani. Halafu kiatu kikikanyaga ngazi, halafu muziki wa huzuni, halafu sauti nzito ya mtu ambaye hajawahi kupanda lori ikitangaza kwamba huyu ni mwanamke katika dunia ya wanaume. Lazima alie kidogo. Lazima pawe na picha ya mtoto ukutani. Na lazima apatikane mwanamume mmoja mbaya, maana bila huyo hadithi hainogi. Kisirani hakujua kwamba walikuwa bado wanamtafuta mwanamume huyo.

Jina hilo la Kisirani alipewa na Babu Gia, dereva mkongwe wa yadi ile, miaka kumi na minne nyuma. Siku hiyo alikuja na leseni mpya na viatu vya kuazima, na madereva wote wakamkwepa. Huyu anaumwa, yule gari lake halina kiti cha pili, mwingine mkewe ana wivu. Babu Gia ndiye aliyesema mleteni, mimi nimeshazeeka, sina cha kupoteza. Safari ya kwanza wakapata pancha tatu, turubai likapasuka, na kwenye mizani wakarudishwa wakapange mzigo upya. Waliporudi, Babu Gia aliteremka akatangaza mbele ya watu wote kwamba maishani mwake amebeba saruji, amebeba mbao, amebeba hata ng'ombe, lakini kisirani cha namna hii hajawahi kukibeba. Watu wakaangua kicheko. Naye, msichana mgeni asiye na haya, akamjibu kwamba kisirani hakipo, ila gari likiendeshwa na marehemu litafikaje?

Basi wakawa watani. Tangu siku hiyo hawakusalimiana kama watu wengine. Asubuhi Babu Gia angeuliza kwa sauti kama kisirani kimeshaingia yadi, ili watu wasogeze matairi ya akiba, naye angejibu kwa mshangao kwamba kumbe marehemu hajazikwa hadi leo, na jua hili, ataharibika. Katikati ya matusi hayo alimfundisha kila kitu. Alimfundisha kurudisha tela nyuma katikati ya mapipa manne, ukikata usukani kulia ili mkia uende kushoto. Alimfundisha kuisikiliza injini kabla ya kutazama dashibodi, na kushuka mlima kwa gia uliyopandia, kwa sababu breki ikichoka haikwambii. Na mume wa Kisirani alipoondoka akamwachia mtoto wa mwaka mmoja, ni mke wa Babu Gia aliyekaa na mtoto huyo kila safari ilipozidi siku mbili. Yote hayo Kisirani aliyasema mbele ya kamera. Alisema nusu saa nzima, mpaka kipaza sauti kikaishiwa betri.

Sasa, siku ileile ya tairi, Babu Gia akapita. Akaiona kamera, akamwona mwanafunzi wake amepakwa rangi ya mdomo, anatoka jasho kwa tairi lisilo na pancha. Angenyamazaje? Mtani gani hunyamaza mbele ya kituko kama kile? Binti wa televisheni akamuuliza anamwonaje dereva huyu mwanamke. Babu Gia akakunja uso, akaweka mikono nyuma kama hakimu.

"Huyu ni kisirani," akasema. "Mwanamke akishika usukani, hata barabara inaogopa. Ningekuwa na uwezo, ningemrudisha jikoni leo hii."

Kisirani akamrushia kitambaa cha grisi, akamwambia marehemu haruhusiwi kusema mbele ya walio hai. Wakacheka mpaka Babu Gia akashika kiuno. Mpiga picha naye alicheka. Binti wa televisheni hakucheka, alikuwa anaandika kwenye daftari.

Baada ya hapo mambo mawili yakatokea. La kwanza, daktari alimpima Babu Gia macho, akamkuta na mtoto wa jicho upande wa kulia, akamwambia safari ndefu basi. La pili, ofisi ilipata wafadhili wa kuanzisha darasa la madereva wanawake palepale yadini, na kila mtu, kuanzia mlinzi wa geti, alijua mwalimu atakuwa nani. Babu Gia mwenyewe hakusubiri barua. Aliyapaka mapipa yake rangi nyeupe ili wanafunzi wayaone vizuri kwenye kioo, akamwambia Kisirani kwamba Mungu si Athumani, jicho moja linatosha kutazama watu wakikwangua gari. Alikuwa mtu ambaye hajui kukaa nyumbani. Bila lile darasa hakuwa na sababu ya kuvuka geti la yadi tena, na Kisirani alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Binti wa televisheni akarudi na kompyuta yake. Wakakaa wawili kwenye chumba cha chai, amwonyeshe makala kabla hayajarushwa.

Jamani, alikuwa amependeza. Walimpiga picha alfajiri akipanda kwenye kichwa cha lori, mwanga umemkaa shavuni, kilemba kimetulia, na macho yake yanatazama mbali kama mtu anayejua anakokwenda. Mama wa miaka arobaini na moja, aliyezoea kujiona kwenye kioo cha pembeni chenye vumbi la wiki, akajitazama mpaka chai ikapoa. Ndipo ikafika sehemu ya Babu Gia. Uso umekunjwa, mikono nyuma, yale maneno ya jikoni, kisha kimya. Kisha ukatokea uso wa Kisirani, umeinama kama wa mtu aliyechomwa moyoni. Ulikuwa uso wake wa wakati anatafuta spana iliyoanguka. Kitambaa cha grisi hakikuwemo, kicheko hakikuwemo, na katika ile nusu saa yake hawakuacha hata sentensi moja. Ile sauti nzito ikasema kwamba hakupata mtu wa kumshika mkono, alijifunza mwenyewe kwa machozi.

Tusimsingizie yule binti. Alimuuliza, tena kwa upole, kama kuna kitu angependa kibadilishwe, kwa kuwa wiki mbili zilikuwa bado zipo kabla ya kurushwa. Kisirani alikijua kabisa kitu chenyewe.

"Hapana," akasema. "Iko vizuri."

Akaweka sahihi alipoonyeshwa. Moyoni alijiambia kwamba mzee atacheka tu, utani ni utani, atapata na cha kumtania mwaka mzima. Huko ni kujidanganya, na alijua anajidanganya. Aliogopa kwamba wakianza kukata na kuunga upya, wataigusa na ile sehemu ya alfajiri.

Makala yakarushwa Jumapili mchana, naye yuko safarini. Simu yake haikupumzika. Ndugu walilia, shoga zake walilia, hata yule mume aliyekimbia alituma ujumbe wa pongezi, mtu mzima hana haya. Kisirani alisoma kila ujumbe kwenye foleni ya mpakani, akautafuta wa Babu Gia, hakuuona.

Aliporudi baada ya siku sita, mapipa meupe yalikuwa yamesogezwa ukutani. Kijana mmoja mwenye tai alikuwa darasani anawaonyesha wanawake kumi picha za tela kwenye ukuta. Fundi wa matairi, aliyekuwepo siku ya kitambaa cha grisi, alipishana naye bila salamu, akasema kama anayejisemea kwamba asante ya punda ni mateke. Kisirani akampita haraka. Akapanda ofisini hata mkoba hajauweka chini.

Meneja alimsikiliza vizuri, kalamu mkononi. Wafadhili walikuwa wameona makala, akasema, na mtu wa namna ile hawezi kukabidhiwa wanawake. Kisirani akaapa kwamba ule ulikuwa utani, kwamba mzee yule ndiye aliyemfundisha hata kufunga kamba. Meneja akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na kwamba kwenye semina waliambiwa jambo hilihili, wanawake walioumizwa huwatetea waliowaumiza. Kadiri Kisirani alivyozidi kumtetea Babu Gia, ndivyo meneja alivyozidi kumhurumia. Mwishoni akafungua droo, akamwonyesha karatasi.

"Dada, wewe mwenyewe uliyaona kabla, ukayakubali. Sahihi si hii hapa?"

Ilikuwa yake, tena ameiandika vizuri.

Kesho yake mchana akaenda kwa Babu Gia. Mke wa mzee alimfungulia, akamwita mwanangu kama siku zote, ila alimwita huku anatazama sufuria. Babu Gia alikuwa amekaa ukumbini na shati lililopigwa pasi, shati la mtu asiye na pa kwenda. Kisirani alikuwa amejiandaa njia nzima.

"Marehemu," akasema, "naona hata kuzika wamekusahau."

Babu Gia akasimama kumpokea. "Karibu, mama," akasema. "Kaa hapa penye hewa. Habari za safari?"

Miaka kumi na minne hajawahi kumwita mama. Kisirani alikaa, na maneno yakamtoka mbiombio. Ameshakwenda kwa meneja, atakwenda kwa wafadhili, atawaandikia televisheni, atasimama mbele ya darasa aseme. Mzee alimsikiliza amegeuza uso kidogo, ili lile jicho zima limwelekee. Hakumkatiza hata mara moja, na zamani hakuwa mtu wa kumwacha amalize sentensi.

"Niliyaangalia yale makala mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikautazama uso wako, nikasema, kumbe mtoto wa watu namuumiza miaka yote hii, naye anacheka kwa kuniheshimu tu."

"Si kweli, baba. Pale nilikuwa natafuta spana."

"Nikamuuliza mama yako huyu. Akasema hajui, labda."

"Si kweli."

Babu Gia akafikiri. "Basi walikufanyia hila," akasema, na uso wake ukaanza kufunguka. "Nawe hukuiona mpaka siku ile, kama sisi."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa ni kuitikia tu, na mzee angempokea, pengine hata jioni ile wangetukanana. Mtu aliyemwonyesha ile karatasi alikuwa mbali, ofisini. Kisirani alitazama mikono yake, mikono ileile iliyotokea kwenye televisheni.

"Niliiona," akasema. "Walinionyesha kabla. Wakaniuliza kama kuna cha kubadilisha."

"Hukuwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Kwa nini, mama?"

Alitafuta sababu ya maana, hakuipata. "Nilipendeza," akasema. "Mle ndani nilipendeza, baba. Niliogopa wataharibu."

Jikoni sufuria ilinyamaza. Babu Gia alitikisa kichwa polepole, alivyozoea kufanya akiwa ameisikiliza injini na ameshajua penye ubovu.

"Ulipendeza kweli," akasema, na hapakuwa na kijembe ndani yake, hata kidogo.

Ndipo Kisirani akalia, kilio kibaya cha makamasi, ambacho kamera ya yule binti haikukipata. Akamwomba amtukane. Akamwambia, niite unavyoniita, nitukane basi yaishe. Mzee akasema yameshakwisha, hana kinyongo, na kweli hakuwa nacho. Ila siku hizi hajui neno lake likitoka litakwenda kuishia wapi, akasema, kwa hiyo ni bora aseme mazuri tu. Mkewe akaleta chai. Wakanywa, wakaulizana habari za mtoto, shule na kikohozi, kama wageni wawili wenye adabu zao.

Babu Gia akamsindikiza mpaka nje, akiushika ukuta kwa mkono wa kulia. Getini Kisirani alijifanya komeo limemshinda, akalichezea na kulichezea, akimpa mzee nafasi ya kusema kwamba hata komeo linamkimbia. Mzee akanyoosha mkono, akalifungua yeye mwenyewe.

"Nenda salama, mama," akasema. "Ahsante kwa kuja kututazama."