Aliyekwisha Kuagwa

Bi Mwanapili aliwaaga watu kabla ya kupata viza, na hilo ndilo lililomponza.

Tikiti ilikuwa imeshakatwa, sanduku la bati limeshafungwa kamba. Meli ya matembezi ingepita Unguja asubuhi ya Jumatatu na watalii wake, iteremke kusini mpaka Msumbiji, isimame huko kutwa nzima, kisha igeuze kurudi. Kutwa hiyo moja ndiyo aliyoitaka. Mdogo wake, Kazija, aliolewa Msumbiji na fundi cherehani tangu kabla ya vita, na hawakuonana tena. Mwaka huo, wa hamsini na nne, mpishi mmoja wa meli, mtu wa mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Unguja, alikuja kumbishia hodi akiwa na ujumbe: macho ya Kazija yameingia ukungu, na ukungu unazidi.

"Kasema, mwambie dada aje nimwone," mpishi alisema. "Nikamuuliza, aje akuone? Akanikemea. Kasema, aje mimi nimwone yeye, maadam bado nnaona."

Bi Mwanapili alimpa mpishi jibu arudi nalo. Meli ya matembezi ya kwanza itakayokuja, yeye yumo.

Ofisi ya konseli, mwakilishi wa Wareno walioitawala Msumbiji, ilikuwa chumba kimoja juu ya ghala la karafuu. Karani wake, kijana wa mtaa wa Malindi aitwaye Msabah, alimkaribisha kiti, akamwamkia shikamoo, na alipoitikiwa marahaba akamweleza mambo polepole, kama mtu anayemfundisha mzazi wake njia ya mji mgeni.

"Ruhusa ziko mbili, mama. Iko ya kukaa, hiyo ina mambo mengi. Na iko ya kutembea. Meli inasimama, unashuka, unaangalia mji, unarudi melini kabla haijapiga honi."

"Nipe hiyo ya kutembea."

"Basi nikuandike mtalii."

"Mtalii, mimi? Kofia ya jua nnayo?"

Msabah alicheka. "Hata wa buibui yupo. Sasa, kule Msumbiji unakwenda kuangalia nini? Lazima niandike kitu."

"Nnakwenda kwa mdogo wangu."

"Ukisema hivyo watasema ni ruhusa ya kukaa. Iko ngome kubwa ya zamani. Niandike ngome?"

"Ngome nimeizoea hapa Forodhani, baba. Lakini andika."

Akaandika ngome. Akabandika picha yake, ile aliyopigwa na mpiga picha wa Kigoa, macho yamemtoka kama mtu aliyeshtuliwa. Kisha akamwambia kwamba majibu hayatoki hapo, yanatoka huko huko kusini, na yatakuja inshaallah kabla ya Jumatatu.

Bi Mwanapili aliisikia inshaallah, akaondoka na moyo mweupe. Hajapata kuona meli iliyomwacha mtu mwenye tikiti.

Kwa hivyo Alkhamisi alianza kuaga. Na kuaga, kwa watu wa mitaa ile, si neno la kusemwa mlangoni. Unaingia, unakaa, unakunywa kahawa, unasema: tumeishi pamoja, huenda nimekukosea kwa ulimi au kwa jicho, safari ina mengi, niwie radhi. Mwenzako naye anakwambia nimekuwia, nawe niwie. Kisha machozi, kisha zawadi. Huyu alimpa halua ya kumpelekea Kazija, yule doti ya kanga, mwengine udi uliofungwa kitambaani. Hata jirani wa pembeni, ambaye hawakusemezana tangu ugomvi wa bomba la maji, alimkumbatia akalia mpaka ukaya wake wa kichwani ukarowa.

Mwatum ndiye aliyekuwa wa mwisho. Dirisha lake na la Bi Mwanapili yalitazamana juu ya kichochoro, karibu hata chumvi walipeana kwa kunyoosha mikono.

"Mtalii!" Mwatum alimwita. "Utashuka ngazi za meli unanyoosha kidole, what-what, kama wale wanaopita kwetu wakipiga picha milango?"

"Wewe cheka tu."

"Nisicheke? Shoga yangu anakwenda ulaya ya kusini." Kisha sauti ikamvunjika. "Niwie radhi, Mwanapili. Nimekusengenya sana."

"Nshakuwia. Mimi nimekusengenya zaidi."

Asubuhi ya Jumatatu alimkataza kila mtu kumsindikiza, maana machozi yalikuwa yameshamchosha. Alitia kufuli mlango mkubwa wa mbele, akaandamana na hamali na rukwama lake. Alipita kwanza kwa Msabah. Msabah alisimama alipomwona.

"Haijaja, mama."

"Itakuja nikiwa njiani?"

"Gatini hawatokupakia bila ya muhuri."

Alikwenda gatini hata hivyo. Mtu wa kukagua tikiti aliitazama pasi yake ukurasa kwa ukurasa, kwa adabu, kisha akamrudishia. Tikiti itangoja meli nyengine, alisema. Wazungu wawili walipita pembeni yake wakipanda mashua, mwanamke na mwanamme, wamevaa miwani ya jua. Wale walikuwa wanakwenda kuiangalia ngome kweli.

Alirudi mjini baada ya adhuhuri, saa ambayo vichochoro vimekufa kwa joto na kila mtu amejinyoosha. Ilikuwa bahati yake, au balaa yake. Hakukutana na mtu hata mmoja. Alipofika pembeni ya nyumba yake alisimama. Atawaambia nini? Watu wameagana naye, wamemlilia, wamemsamehe. Abishe kwa Mwatum aseme nimerudi, hebu nipe makaa? Alimwonyesha hamali mlango wa nyuma, ule mdogo wa uani, akaliingiza sanduku, akajifungia kwa ndani. Kufuli la mbele akaliacha lilivyo.

Kesho nitatoka, alijiambia. Ruhusa ikija nitatoka. Lakini ili ajue kama imekuja ilibidi atoke, na ili atoke ilibidi aonekane.

Asubuhi alimsikia Mwatum akisema na muuza maziwa. "Huyo wa mbele usimwekee, kasafiri. Sasa hivi anapepewa na bahari, sisi tunakaangwa hapa." Watoto nao waliulizana kama Msumbiji ni mbali kuliko Pemba. Bi Mwanapili alikaa nyuma ya dirisha lililofungwa, kofia anayoishona imemlalia mapajani, akisikiliza habari za safari yake. Zilikuwa nzuri. Alitamani kuwa yule wanayemsema.

Makaa hakuweza kuwasha, moshi ungemtoa. Alikula tende mpaka zikaisha. Kisha alifungua sanduku akaichukua halua ya Kazija, akaila kwa vidole, kipande kwa kipande, huku akimwomba Kazija radhi.

Jambo ambalo hakulitegemea lilikuja siku ya tatu. Watu waliacha kumtaja. Muuza maziwa hakuuliza tena. Mwatum aligombana na mkwewe, akacheka, akamwita paka, akapika samaki wa nazi ambaye harufu yake ilivuka kichochoro na kuingia katika kila ufa. Jirani wa bomba aliteka maji kwa zamu ya Bi Mwanapili, na hakuna aliyesema neno. Mtaa ulikuwa umeshaziba pale alipotoka, umekuwa mzima kabisa. Usiku alilala amekumbatia doti ya kanga ya mtu mwengine, akawaza kwamba Kazija naye aliondoka hivi hivi, kwa machozi ya kila mtu, na siku ya tatu wote waliendelea kuteka maji. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwao.

Ijumaa baada ya laasiri alisikia viatu vingi vikipanda ngazi za Mwatum. Wanawake waliingia chumba cha mbele, mikeka ikatandikwa. Upepo wa kusi ulikuwa umevuma vibaya tangu juzi, madirisha yote ya mtaa yanagongagonga, na Mwatum alikuwa ameota ndoto mbaya.

"Mbaya vipi?" mmoja aliuliza.

"Nimemwota yumo chumbani kwake, kajifunika gubigubi, nnamwita hageuki. Tumsomee."

Walisoma Yaasin. Sauti zilivuka kichochoro, zikamfikia alipokaa sakafuni. Jina lake lilikuwa limerudi. Kisha Mwatum akaomba, kwa sauti yake ile iliyozoea kuita watu sokoni:

"Mola wetu, bahari ni yako na upepo ni wako. Mtulizie Mwanapili bahari yake."

"Amin."

"Mfikishe kwa mdogo wake salama."

"Amin."

"Umrudishe kwetu salama."

"Amin."

"Amin," alisema Bi Mwanapili.

Hakukusudia. Tangu utoto wake hajapata kusikia dua bila kuitikia. Lakini alikawia kidogo, na Amin yake ilitoka peke yake, wenzake wameshanyamaza.

"Nani kaitikia?"

"Jamani, imetoka kule."

"Kule nyumba tupu! Mzuka!"

"Mzuka gani unaoitikia dua?" Mwatum alisema. Komeo la dirisha lake lilisukumwa. Kisha ikaja sauti yake, karibu kabisa, si ya sokoni tena. "Mwanapili?"

"Naam."

Na hilo pia lilimtoka kwa mazoea. Alinyanyuka akafungua dirisha. Mwanga ulimpiga machoni. Nyuso zilikuwa zimejazana upande wa pili, mitandio kichwani, midomo wazi.

"Wewe si uko Msumbiji?" Mwatum alisema.

"Sikupata viza."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Tangu Jumatatu umo humo! Nimekulilia mimi! Nimekataa maziwa yako! Kwani huna ulimi, hujui kubisha hodi?"

"Nilikwishakuaga, Mwatum."

"Mtu akishaaga ndiyo keshakufa?"

Bi Mwanapili alishika kizingiti cha dirisha. "Sijui. Nilishindwa kujua nianze vipi."

Mmoja nyuma alianza kucheka, akafuatwa na wote, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. "Mtalii kautalii ukumbi wake!" alisema jirani wa bomba. Walimpitishia dirishani wali, mchuzi, chai ya tangawizi, wakamtazama akila kama wanaomtazama mgonjwa. Mwatum aliapa kumsindikiza kwa konseli. Bi Mwanapili alikataa. Maghribi ilipoadhiniwa walishuka ngazi kila mmoja kwake, na kicheko kikaenda nao kichochoro kizima, kikapinda kona, akaacha kukisikia.

Jumamosi alivaa buibui, akatoka kwa mlango wa uani, akazunguka, akafungua kufuli la mbele mbele ya watu, akaenda ofisini.

Msabah alipomwona hakutabasamu. Alivuta saraka, akatoa pasi. "Imekuja, mama. Jana mchana. Nilimtuma mtu kwako, akakuta kufuli."

Muhuri ulikuwa mkubwa, wa buluu, umepigwa sawasawa. Bi Mwanapili aliupapasa kwa kidole. "Basi nimepata."

"Ni ya meli ile tu. Ya kutembea hutolewa kwa meli moja."

"Na hiyo meli sasa iko wapi?"

Msabah alitazama meza. "Leo ipo Msumbiji."

Alikaa kitini. Aliiona, kama kwamba ameshafika: watalii wanashuka, wananyoosha vidole kwenye ngome, na pale gatini mwanamke amesimama kwenye jua, ameshikwa mkono na mtoto wa mtu. Anasogea kwa kila anayepita, anamkazia macho. Mpishi amempa habari: dada yumo. Watu wanakwisha kushuka. Naye hatojua kama dada yake hakuja, au amepita mbele yake na macho yameshindwa kumwona.

"Mama," Msabah alimwita. "Mama, ukitaka tunaanza tena. Iko meli nyengine kusi ikiisha."

"Anza."

Alichukua karatasi mpya. Aliandika jina, jina la baba, la babu. Kalamu ikasimama. "Unakwenda kuangalia nini?"

"Siendi kuangalia, mwanangu. Nnakwenda kuangaliwa."

Msabah aliitazama karatasi. Hakukuwa na mahali pa kuliandika hilo, na wote wawili walijua. Chini, ghalani, watu walikuwa wakikokota magunia.

"Haya," Bi Mwanapili alisema mwishowe. "Andika ngome."

Alirudi kwa njia ya Darajani, maana halua ya Kazija aliyoila ilimpasa ainunue upya. Watu walimtazama. Wengine walikuwa wameshasikia na wakafunika midomo kwa mikono. Muuza halua hakuwa amesikia. Alimpungia mkono kwa furaha kutoka nyuma ya sinia lake.

"Bi Mwanapili! Kumbe umesharudi! Hawajambo huko? Kazija hajambo?"

Alifungua mkoba akatoa pesa, akaziweka juu ya meza.

"Ananingoja," alisema.